Upande wa Kanisa

Saa moja na dakika ishirini asubuhi Torvald aliizungusha sahani ya mkewe, na kipande kizima cha mkate mweusi chenye yai juu yake kikatokea mahali ambapo, kwa Disa, hapakuwa na kitu.

Disa alikuwa amekwisha kuinuka, kikombe mkononi. Aliketi tena.

"Hicho umemwekea nani?" Torvald aliuliza. "Paka?"

"Nimeshiba."

"Disa."

"Mtu hawezi kushiba nyumbani kwake?"

"Anaweza. Lakini anayeshiba hubakiza huku na huku. Wewe umefagia nusu ya sahani mpaka makombo, nusu nyingine hujaigusa hata kwa uma."

Disa alikitazama kile kipande. Yai lilikuwa limepangwa vizuri, na Torvald alikuwa amelinyunyizia chumvi mbele ya macho yake. Aliikumbuka chumvi ikidondoka. Kisha, wakati fulani kati ya chumvi na kahawa, yai na mkate wake vilikuwa vimetoka duniani bila kuaga, na yeye hakuwa ameona pengo lolote. Hilo ndilo lililomtisha. Sahani aliyoiona ilikuwa sahani nzima, na ilikuwa tupu.

Jambo la namna hiyo halikuwa limemtokea tangu Oktoba ya mwaka jana.

"Mpigie Sten-Olof," Torvald alisema. "Mwambie leo haiwezekani."

"Nimwambie nini? Nimesahau yai?"

"Mwambie una mafua."

"Nikimwambia mafua, Jumatatu wanamleta yule dereva wa bara na masanduku yake, wanampa nyumba ya mwalimu wa zamani, na kuanzia hapo nitakuwa nakisubiri kivuko changu gatini kama mtalii."

"Heri mtalii."

"Sikulala vizuri, basi. Ni uchovu tu."

"Na kule juu kitini hutachoka?"

Disa aliivuta sahani. Aliula ule mkate wote akiwa amesimama, akaufuata hadi ukingo wa sahani kwa kidole, kisha akavaa koti.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia, mwezi wa Mei. Disa alikuwa akirekebisha uzio wa kondoo nyuma ya nyumba, na jioni, ndani ya sauna, alimkuta kupe mdogo kama mbegu ya ufuta amejibana nyuma ya goti lake. Alimng'oa papo hapo na kumtupa motoni. Watu wa kisiwa cha Vårdholm huamini kwamba kupe anayetolewa siku hiyohiyo hana madhara. Kwa ugonjwa mmoja wa kupe hilo lina ukweli. Kwa ule mwingine, ule wa ubongo, halina, kwa sababu virusi vyake hukaa katika mate ya kupe na huingia mara tu anapouma. Chanjo ipo. Disa alichanjwa miaka mingi nyuma, lakini ile ya kuongeza nguvu ilimpita mwaka ambao kivuko kilikuwa kwenye matengenezo, naye hakuikumbuka tena.

Kwanza ilikuja homa ya siku chache, ikaondoka. Kwa wiki moja alikuwa mzima kabisa; aliendesha kivuko na kupaka boti rangi. Kisha asubuhi moja kichwa kilimuuma hadi akatapika, shingo ikakataa kuinama, na alipotaka kumwomba Torvald afunge pazia alimwomba afunge mbwa. Hawakuwa na mbwa. Helikopta ilimchukua kabla ya adhuhuri.

Hospitalini walisema ubongo umevimba, na kwamba dawa ya kuviua virusi hivyo haijapatikana. Wangemtunza mpaka mwili umalize vita wenyewe. Mwili ulimaliza. Katika picha ya ubongo lilibaki doa, kubwa kiasi cha punje ya mahindi, ndani kabisa upande wa kulia, mahali ambapo habari za upande wa kushoto wa dunia hupita.

Macho yake yalikuwa mazima. Daktari alilieleza hilo mara kadhaa, kwa kuwa kila aliyemtembelea alidhani ni macho. Ubongo ulikuwa umeacha kuujali upande wa kushoto, na kwa kuwa anayepaswa kugundua kasoro hiyo ni ubongo uleule, haikugunduliwa. Disa alichana nywele za upande mmoja akaridhika. Aligonga miimo ya milango kwa bega, akailaumu milango. Mambo hayo yalipungua polepole. Mkono wa kushoto ulibaki na mtetemo, kelele za dukani zilimchosha kuliko kubeba magogo, na kila siku baada ya chakula cha mchana ilimlazimu alale. Lakini Agosti ya mwaka huu, mbele ya daktari wa mabaharia, alipewa karatasi iliyojaa nyota akatakiwa azikate zote kwa kalamu, na hakuacha hata moja.

"Mezani umepona," daktari alimwambia. "Tatizo hili ni janja, lakini. Mtu akitulia linajificha. Akichoka, au vitu viwili vikimjia kwa pamoja kutoka pande mbili, linatoka. Kwa hiyo cheti nitakitoa ukishapimwa ukiwa kazini, mkuu wa vivuko akiwa kando yako."

Siku hiyo ndiyo ilikuwa leo. Akipita, kiti ni chake. Asipopita, hakuna kiti kingine kisiwani.

Kivuko cha Vårdholm ni cha rangi ya njano na hakina mbele wala nyuma. Kina lango kila mwisho. Kikifika ng'ambo ya pili, Lillskata, hakigeuki. Dereva ndiye anayegeuza kiti chake katika chumba cha vioo kilicho juu ya sitaha, akashika vishikio vingine, akaondoka kuelekea alikotoka. Kwa sababu hiyo hakuna mtu wa pale anayesema kulia au kushoto akiwa kivukoni. Anayesema hivyo huulizwa kushoto kwa nani. Kuna upande wa kanisa, kaskazini, wenye magati, mabanda ya boti na kanisa jeupe juu ya mwamba. Na kuna upande wa bahari, kusini, ambako hakuna ila maji mpaka macho yachoke. Watoto wa pale huyajua maneno hayo kabla ya kujua mkono wao wa kulia ni upi.

Solveig, mtaalamu aliyemfanyisha Disa mazoezi kule bara, hakuwa mtu wa visiwani. Alimkalisha kwenye kiti cha ofisi mbele ya dirisha.

"Jifanye uko kivukoni, unaondoka nyumbani," alimwambia. "Kushoto kwako kuna nini?"

"Bahari."

"Basi huko ndiko kwa kutafuta kwa bidii. Tukuite vipi, tusichanganye?"

"Sisi tunasema upande wa bahari."

"Upande wa bahari, safi. Bandika utepe mwekundu kwenye nguzo ya dirisha la upande huo. Kila unapoangalia nje, geuza kidevu mpaka uone nyekundu. Hujaona nyekundu, hujaangalia. Sawa?"

"Sawa."

Walilirudia zoezi hilo majira ya baridi yote na majira ya joto yote. Upande wa bahari. Nyekundu. Upande wa bahari. Nyekundu. Disa alifika mahali ambapo, hata akiosha vyombo, alijisemea kimoyomoyo.

Sten-Olof, mkuu wa vivuko, alikuwa amekwisha fika Disa alipopanda ngazi za chumba cha usukani. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye ugoro chini ya mdomo wa juu, na alikuwa amekaa kwenye kisanduku cha makoti ya kuokolea maisha kwa sababu hakutaka kukalia kiti cha dereva.

"Ulikiacha kikiwa na joto," alisema, akionyesha kiti. "Yule wa bara ana makalio ya baridi."

"Umeyapimia wapi?"

"Nimeambiwa na kiti." Alicheka peke yake. "Haya, Disa. Mimi sijaja kukufundisha. Nitauliza, utajibu. Usinitumbukize tu, nimevaa viatu vipya."

Disa aliketi kitini. Aliuweka mkono wa kushoto juu ya kishikio, na kishikio kikaumeza mtetemo. Aliutazama utepe mwekundu kwenye nguzo ya dirisha; alikuwa ameubandika jana. Kisha aliliinua lango, akawasha injini, na gati la Vårdholm likaanza kurudi nyuma.

Hapakuwa na abiria. Maji yalikuwa yametulia, ya rangi ya bati.

"Upande wa kanisa?" Sten-Olof aliuliza.

"Boti mbili. Ya buluu imefungwa, nyeupe inaingia bandani kwa akina Lindroos. Birger yuko gatini kwake anapakia nyavu."

"Amevaa kofia?"

"Ile ya manyoya. Mwezi wa tisa huu."

"Ana upara, mwonee huruma. Upande wa bahari?"

Disa aligeuza kidevu. Aligeuza zaidi. Shingo ilimuuma, kidevu kikakaribia bega, na nyekundu ikaja. Alipoipata aliacha macho yaende mbele polepole: maji, nguzo ya alama ya njia ya meli, maji.

"Nguzo ya alama," alisema. "Zaidi ya hapo hakuna kitu."

Sten-Olof alitupa jicho. "Hakuna kitu," alikubali.

Jibu lilikuwa sahihi. Lakini Disa alibaki nalo mdomoni kama jiwe. Asubuhi pia, juu ya sahani, hakukuwa na kitu. Kulikuwa na tofauti gani kati ya bahari ambayo haina kitu na bahari ambayo yeye hakupewa kitu chake? Kutoka ndani zilifanana. Aliangalia tena, mpaka kwenye nyekundu, na tena, na jasho likamtoka chini ya koti. Kila mara maji yalikuwa maji. Mara ya nne ndege mmoja mweusi aliinuka karibu na ile nguzo, na Disa alimshukuru ndege huyo kwa kuwapo.

Alikisogeza kivuko kwenye gati la Lillskata bila mshtuko wowote. Lango liligusa saruji kwa sauti ya mlango wa kabati.

"Umepita," Sten-Olof alisema na kusimama.

"Hatumalizii kurudi?"

"Turudi kufanya nini? Maji ni yaleyale. Upande wa kanisa umenisomea mpaka kofia ya Birger, upande wa bahari umeuchungulia mpaka nikaogopa shingo itakatika. Pande ziko mbili, Disa. Ya tatu sina." Aliokota sanduku lake la vifaa. "Na hapa lango la gati linavuja mafuta. Nitalishughulikia, nirudi na safari ya saa sita. Boti ya kazi iko hapa nikihitajika."

"Sten-Olof."

"Nini tena?"

Alitaka kusema: leo asubuhi nimeacha nusu ya sahani. Maneno yalikuwepo, yamepangwa, na hakuna hata moja lililopotea kama zamani. Alimwona Sten-Olof akimsubiri, uso wake mweupe wa furaha, mkono mmoja kwenye kitasa.

"Asante," alisema.

"Mimi? Ulifaulu mwenyewe."

Abiria wa kurudi walikuwa wawili. Gari la posta liliingia na kusimama mwisho wa sitaha, dereva wake ndani, redio imewashwa. Nyuma yake aliingia Gunhild, shangazi yake Torvald, mwenye miaka themanini na tatu, juu ya kigari chake cha umeme cha magurudumu matatu. Alisimamisha chini ya chumba cha usukani na kuinua kichwa, akaongea kwa kile kipaza sauti cha sitahani ambacho hukitumia kama simu yake binafsi.

"Kumbe ni wewe! Nilidhani ni yule wa bara."

"Ni mimi, shangazi."

"Yule wa bara alitugongesha gatini mwezi wa saba. Meno yangu yalitua kwenye mkoba."

"Yalipona?"

"Meno yalipona. Mkoba ndio una alama." Gunhild alijifunika blanketi miguuni. "Twende basi, taratibu. Nimewaambia wote utarudi. Torvald alikuwa analia kama kondoo, mimi nikamwambia mkeo kichwa chake kigumu, kupe mwenyewe ndiye wa kuhurumiwa."

Disa alicheka, na kicheko kilimshusha mabega kidogo. Aligeuza kiti.

Kiti kilipogeuka, upande wa bahari ulihamia mkono wake wa kulia, na upande wa kanisa ukahamia kushoto. Disa hakuliwaza hilo. Alikuwa amekigeuza kiti hicho kwa miaka kumi na tisa bila kuliwaza, na hakuna mtu wa Vårdholm ambaye angeliwaza. Pande zilikuwa na majina, na majina hayazunguki na kiti.

Aliondoka gatini saa nne kasoro dakika mbili.

Upande wa bahari, alijisemea. Nyekundu. Akatazama, na nyekundu ilikuwa pale pale, mara moja, hata shingo haikuhitaji kusumbuka. Alifurahi. Alifikiri: nimetulia, ndiyo maana. Nyuma ya utepe maji yalionekana wazi kuliko alivyowahi kuyaona tangu augue, kila wimbi na ukingo wake. Mbali kidogo mashua ya marubani wa meli ilikuwa ikija kutoka kusini, ikirusha povu, na redio ikamwita.

"Kivuko cha Vårdholm, tunapita nyuma yako."

"Nimewaona. Piteni nyuma."

Sauti yake ilikuwa imara. Aliitazama mashua ikikaribia, akakadiria mwendo wake, akaupenda uhakika wa kukadiria. Upande wa bahari ulikuwa mkononi mwake. Upande wa kanisa haukuwahi kuwa na shida.

Honi ililia. Ilikuwa honi nyembamba ya kile kigari cha Gunhild, na Disa aliisikia kutoka baharini, kulia. Alitazama kulia. Mashua ya marubani ilikuwa bado mbali. Honi ililia tena, ikakaa.

"Disa!" kipaza sauti kilisema. "Simamisha! Simamisha, mtoto wewe!"

Mikono ilitangulia. Vishikio vyote viwili vilirudi nyuma, injini zikanguruma, sitaha nzima ikatetemeka, na kule chini kitu kilichoanguka ndani ya gari la posta kilisikika kikibiringika. Kivuko kilipungua mwendo. Disa alitazama mbele, akatazama kulia, akatazama mbele. Maji yalikuwa matupu.

"Kuna nini?" aliuliza. "Shangazi, kuna nini? Wapi?"

"Birger! Uko juu yake!"

"Wapi?"

"Upande wa kanisa! Huna macho? Upande wa kanisa!"

Disa aliutafuta upande wa kanisa. Alitafuta kwa utaratibu, kama alivyofundishwa, akianzia alipokuwa na hakika: lango lililokuwa mbele yake, mlingoti mdogo wa taa, gati la Vårdholm kule mbele, na kutoka gatini alitarajia kufuata ufuko, mabanda, mwamba, na juu ya mwamba, kanisa. Macho yalifika gatini. Baada ya gati hapakuwa na baada. Hapakuwa na giza wala ukungu wala ukingo wa kitu kilichokatika. Dunia iliisha gatini, na ilikuwa imetosha.

Kanisa halikuwepo.

Alibatizwa katika kanisa lile. Mama yake alizikwa kando ya ukuta wake. Lilikuwa limetoweka na hakuwa amelikosa.

Aliushika utosi wake kwa mkono wa kulia, kama mtu anayeshika kichwa cha mtoto asiyetaka kunyolewa, akakigeuza kichwa kwa nguvu kuelekea mahali ambapo hapakuwepo. Kilikataa. Alikigeuza tena, akavutwa na kiti na bega pamoja nacho.

Kanisa lilikuja lote kwa mara moja, jeupe, karibu mno. Chini yake ulikuja mwamba, mabanda, nyavu zilizoanikwa, boti ya buluu. Na chini ya hayo yote, karibu na ubavu wa kivuko kiasi kwamba ilimlazimu kuinama ili amwone, Birger alikuwa amesimama ndani ya boti yake ya makasia na mikono yote miwili imekandamiza tairi la kuzuia migongano, akiusukuma mwili wa chuma wa tani nyingi kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Kasia moja lilikuwa majini, likielea kuelekea nyuma. Kofia ya manyoya ilikuwa majini pia.

Kivuko kilikuwa kimesimama.

Disa aliweka injini bila gia. Alifungua dirisha.

"Birger! Umeumia?"

"Ulikuwa unanitazama!" Birger alipiga kelele. Sauti yake ilikuwa ya juu, isiyo yake. "Disa! Ulikuwa unanitazama usoni! Nilikupungia mkono, na wewe unanitazama usoni hivi!"

"Umeumia?"

"Sijaumia! Nilipunga mkono! Nyavu zimenasa kwenye mwamba, siwezi kuondoka, nikasema, ni Disa yule, ameniona. Unanitazama usoni!"

Disa aliogopa kugeuza kichwa, akijua kwamba akikigeuza, Birger ataondoka, pamoja na kilio chake, na yeye ataona kila kitu kiko sawa. Kwa hiyo alimkazia macho. Alimkazia huku mkono wake ukipapasa redio upande wa pili, kwa kugusa tu.

Gunhild alikuwa ameshuka kwenye kigari na kushikilia ukingo wa sitaha. Hakuwa na utani tena. "Mwanangu," alisema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ndogo, "shuka hapo. Shuka tu. Hakuna atakayesema kitu. Dereva wa posta analala, mimi ni mzee, Birger nitamwokea mkate. Wewe peleka gatini polepole, mimi nitakuwa nakuambia, halafu basi. Tutajua sisi."

Lingewezekana. Disa aliliona waziwazi jinsi lingewezekana. Cheti kingekuja Ijumaa. Gunhild angenyamaza mpaka kaburini, na Birger angebaki na kisa cha kusimulia kuhusu kofia. Kesho asubuhi angeweka utepe wa pili kwenye nguzo ya pili, na hilo lingekuwa sahihi kwa pande zote mbili, hadi siku nyingine ambayo atakuwa amelala vibaya, na aliyemo majini hatakuwa na tairi la kushika. Na siku hiyo ataona nini? Ataona maji. Atakuwa na hakika.

Alibonyeza redio. Alitumia ile njia ya wazi, ambayo kila jiko la visiwani huisikiliza.

"Sten-Olof, huyu ni Disa. Kivuko kimesimama katikati ya mlango wa bahari. Nilikuwa karibu kumponda Birger. Hajaumia."

Redio ilikoroma. "Ametokea wapi?"

"Upande wa kanisa."

"Upande wa kanisa? Upande wa kanisa si uliusoma vizuri? Tatizo lako si upande wa bahari?"

"Wakati wa kwenda."

"Sikuelewi."

"Nimegeuza kiti, Sten-Olof."

Ikasikika pumzi ya mtu mkubwa anayekaa chini juu ya kitu.

"Mama wee," Sten-Olof alisema. "Na mimi nikashuka."

"Sioni upande wa kanisa," Disa alisema. Alilisema taratibu ili kusiwe na jiko ambalo halikusikia. "Nilipoambiwa niangalie, kanisa halikuwepo. Siwezi kukipeleka gatini. Njoo ukichukue."

"Unaweza kukishikilia mahali kilipo?"

"Birger yuko ubavuni. Namtazama. Sitaacha kumtazama mpaka ufike."

"Nakuja."

Alimtazama. Birger alikuwa ameketi ndani ya boti yake, kichwa wazi, akikamua kofia, na hakuinua tena macho kuelekea dirishani. Macho ya Disa yaliwasha. Mara mbili yaliteleza kulia, kuelekea bahari, kwa utamu wa kitu kinachoteremka mlima, na kila mara alijishika utosi na kuyarudisha, bila kujua kama yalikuwa yameteleza kwa sekunde moja au dakika nzima. Alimwomba Gunhild azungumze. Gunhild alizungumza: Birger yupo, Birger amekaa, Birger ameokota kasia, sasa Birger anajipangusa uso.

Boti ya kazi ilifika. Sten-Olof alipanda ngazi mbili mbili, viatu vimelowa. Disa alisimama, akampisha, na Sten-Olof aliketi kwenye kiti. Alimsubiri Birger akate nyavu zake na kujitoa, ndipo akasukuma vishikio mbele.

Saa nne na dakika arobaini na moja kivuko kilifika gati la Vårdholm. Lango lilishuka. Gari la posta lilitoka kwanza, likafuatiwa na Gunhild. Disa alishuka ngazi za chumba cha usukani akishika chuma kwa mikono miwili, akavuka sitaha, akatoka kwa miguu. Torvald, aliyekuwa amesikia kwenye redio ya jikoni, alikuwa amekuja mbio na kusimama kando ya lango, upande wa kanisa, mkono mmoja ameunyoosha. Disa alimpita kana kwamba hapo hapakuwa na mtu.